Kichefuchefu cha Salamu ya Kushoto

Miezi saba tumbo langu lilikuwa linangoja nimalize sala ndipo lianze visa vyake. Rakaa zote nasali vizuri, natoa salamu upande wa kulia sina neno. Nikigeukia kushoto tu, mate yananijaa mdomoni na tumbo linapanda. Msikitini kwetu Nguvumali nimeshawahi kukanyaga viatu vya watu nikikimbilia nje kutapika, na mimi si mtoto, nina miaka hamsini na mbili.

Kwanza nilikwenda hospitali, kama mtu mwenye akili zake. Nikapewa dawa za vidonda vya tumbo, nikazimaliza. Nikaingizwa mpira wa kamera kooni, nikaambiwa tumbo safi. Safi! Tumbo gani safi linatapika baada ya sala, halafu nikila pweza wa nazi linatulia? Nilitoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Rafiki yangu Yazid ndiye aliyelisema lile nililokuwa naliogopa. "Idarusi, ugonjwa usiokuja ila kwenye sala si ugonjwa. Hicho ni kitu, na hakipendi sala." Akanipeleka Mabawa kwa mtu wa kusomea. Yule bwana alinisomea, akanipulizia maji, kisha akaniuliza nimeoa lini. Nikamwambia miaka miwili, baada ya mke wangu wa kwanza kufariki. Huyu wa sasa katoka wapi? Kigombe, kijiji cha wavuvi. Akatikisa kichwa.

"Kaja na mtu wake wa baharini," akasema, yaani jini.

Ningekuwa mwanamume ningeinuka nikaenda zangu. Mke wangu Hamdiya hajawahi kukosa sala, na alfajiri ni yeye aliyekuwa akiniamsha mimi. Lakini mtu akishaogopa kwamba hata Mungu hazitaki sala zake, anashika chochote. Jioni ile nikamwambia aende kwao akapumzike.

"Nipumzike nini?" aliuliza. "Mimi sijachoka."

Alikunja kanga zake taratibu, moja moja, huku ananitazama, nami nikajifanya natafuta uzi.

Hamdiya akaondoka, kichefuchefu kikabaki. Yazid akasema kitu kama hicho hakitoki kwa siku moja. Nikangoja wiki sita, nikila wali wa kuungua.

Kazi yangu ni kudarizi shingo za kanzu, mwaka wa thelathini huu, kidevu kifuani kutwa nzima. Wiki ya saba vidole vya mkono wa kushoto vikafa ganzi, sindano ikawa inanidondoka. Nikarudi hospitali kwa ajili ya vidole. Tumbo sikulitaja kabisa, nilishaona aibu. Nikapigwa picha ya shingo, kisha nikapelekwa kwa dada wa mazoezi ya viungo, Elizabeti, Mshambaa wa Lushoto mwenye msalaba mdogo kifuani. Akaniketisha kitini. Hapakuwa na mkeka, wala sikuwa na udhu. Akanishika kichwa, akakigeuza kulia. Kisha akakigeuza kushoto.

Mate yakanijaa. Nikaomba ndoo.

"Pole, baba," akasema. "Huwa inakuwa hivi?"

Nilimweleza yote, hata la Hamdiya, na hakucheka. Aliinua ile picha dirishani, akanionyesha mifupa ya shingo ilivyolika na vijifupa vilivyoota pembeni. "Kuna mshipa wa fahamu unatoka kichwani, unapita hapa shingoni, unashuka mpaka tumboni. Huenda ukigeuka unabughudhiwa. Huenda, baba, sikuapii. Hata madaktari hawajakubaliana. Tufanye mazoezi, tuone."

Nililia mbele ya yule binti bila haya. Ile "huenda" yake niliisikia, nikaiacha palepale chumbani.

Asubuhi yake nilikuwa Kigombe na picha yangu kwapani. Baba mkwe, mzee Sleyum, alikuwa barazani. Nikampa shikamoo, marahaba yake ikachelewa kidogo. Akamwita Hamdiya. Alikuja akaketi upande wangu wa kushoto, akaipokea ile picha, akaitazama kwenye mwanga.

"Kumbe ni shingo," nikamwambia. "Hukuwa wewe. Nimekuja kukuchukua."

"Waliokupima wamesema ni shingo?"

Nilitaka kudanganya, lakini baba yake alikuwa ananitazama. "Wamesema huenda."

"Na isipokuwa shingo? Mazoezi yakishindwa, ukatapika tena, mimi nitakuwa nani?"

Nikamgeukia nimjibu. Tumbo likapanda palepale, nikabana mdomo kwa kiganja mpaka likatulia. Hamdiya hakusogea. Alikuwa anangoja jibu, na halikuwa la shingo. Ningeweza kumwambia kwamba hata hivyo atabaki mke wangu. Maneno yalikuwepo. Lakini nilimkumbuka yule bwana wa Mabawa, nikaogopa. Na picha yote ile mkononi mwake, bado niliogopa! Sikujua niamini nini, mifupa yangu au hofu yangu.

"Sijui," nikasema.

Akanirudishia picha yangu. "Angalau leo hujajifanya unatafuta kitu," akasema. "Nenda, Bwana Idarusi. Ukishajua uje, hata kama ungali unatapika."

Mzee Sleyum akaagiza niletewe maji ya kusukutua. Hamdiya aliyaleta mwenyewe, akayaweka chini karibu na mguu wangu, akaingia ndani.