Mpangaji Aliyeatamia

Tangu mkewe Marselina azikwe, mzee Ditram wa Kimamba alibaki na ukimya uliokuwa ukimtafuna kama mchwa. Mpangaji wake wa mwisho naye alihama, akisema mzee analalamikia wakubwa hata usingizini. Kwa hiyo Ulimboka na mkewe Lightness walipokuja kutazama chumba cha uani, mzee alitamani wahamie siku ileile, ingawa uso aliukunja.

"Shikamoo, baba. Chumba tumekipenda," alisema Ulimboka, mwalimu wa huko Mikumi. "Ila tutahamia baada ya wiki tatu. Barua yangu ya uhamisho haijasainiwa."

"Marahaba. Wiki tatu za nani? Hao mabosi wako kalamu wanaiona nzito kuliko jembe! Hata Kiyama ikifika watasema faili halionekani. Hapa chumba hakishikwi kwa maneno. Wekeni kitu ndani. Ndoo, mkeka, chochote."

Hawakuwa na kitu ila tenga la kuku. Walikuwa wametoka Mvumi kwa mama yake Lightness, aliyewapa tetea na mayai tisa. Lightness akayapanga mayai konani, juu ya gunia, akamlaza kuku juu yake.

"Leo ndiyo anaanza kuatamia, baba. Siku akiangua, sisi tumefika."

Mzee akakuna kidevu. Kuku hapigi danadana kama ofisi. Akakubali.

Siku ya kumi na mbili akaja Alfred, muuza mbegu, godoro likiwa tayari juu ya bodaboda.

"Nahamia sasa hivi, mzee."

Moyo wa Ditram ukaruka. Mtu wa leo huyu hapa, amesimama na godoro lake! Akaingia chumbani kumtoa tetea. Akadonolewa kidole. Akajaribu kwa mkono wa pili, na huo ukadonolewa. Tena alijua, kuku akishakolea kuatamia, ukimsogeza anayasusa mayai.

Akatoka ananyonya kidole. "Chumba kina mtu."

"Mbona simwoni?"

"Ameatamia."

Alfred alicheka mpaka dereva wa bodaboda akazima pikipiki ili naye asikie. "Mzee, unanikataa mimi kwa ajili ya kitoweo?"

"Kitoweo hicho kinatimiza ahadi kuliko wakubwa wote! Nenda, baba, nenda."

Siku ya ishirini na moja vifaranga saba wakatoka. Jioni Ulimboka akapiga simu. "Baba, tuongezee wiki mbili. Barua bado."

"Mwanangu, kuku hakungoja sahihi ya mtu! Kufundisha ndiko kunataka barua. Kulala kunataka muhuri wa nani? Mlete mkeo. Wewe baki huko uwalindie faili lao."

Kesho yake Lightness akashuka kwenye basi na mabegi mawili. Ditram akampokea moja, na kabla hata hajaitikia shikamoo yake, akaanza kumweleza ni kifaranga yupi anafanana na mwenyekiti wa kijiji: kelele nyingi, kuchakura hachakuri.