Barua Iliyosahihishwa

Mkewe aliitupa barua mezani, ikamgonga mkono. "Soma. Kaka yangu yuko mlangoni, tunasubiri jibu lako."

Msahihishaji alikuwa na miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha vitabu, na kiburi cha miaka hamsini. Mkewe, fundi cherehani tu, amwandikie barua yeye, tena ndani ya nyumba moja! Akavaa miwani. Mkono, bila kutumwa, ukachomoa kalamu nyekundu mfukoni.

"Ulipokuwa ukisahihisha vitabu vya watu nilijifungua peke yangu."

Akatia koma baada ya "watu".

"Unafanya nini wewe?"

"Kishazi tegemezi kikitangulia, kinafuatwa na koma. Hata mtoto wa shule anajua."

"Mtoto! Wangu niliyemzika bila wewe angekuwa shule saa hizi. Umeona koma tu?"

Hakuona koma tu. Aliona yote, na akaona aibu. Lakini maneno ya kubembeleza na yeye walikuwa paka na panya, na koma angalau aliziweza. Akashuka hadi mstari wa mwisho: "Nitaondoka leo, usiponiomba msamaha." Hapo kishazi kilikuja nyuma. Akaikata koma.

"Hii haina kazi," akasema.

Kiwandani kwao, ukurasa aliomaliza kuupitia aliutia sahihi na tarehe chini. Bila sahihi yake, hauchapwi. Basi mkono ukafuata mazoea. Akasaini.

Shemeji akaingia, akainyakua barua, akaisoma mpaka chini. "Dada, jamaa amesaini. Amekubali kila neno."

"Sijakubali! Hayo ni mazoea ya kazi, shemeji!"

"Basi kazi ikupikie na ikufulie," mkewe akasema. "Kaka, beba."

Shemeji akajitwika cherehani begani. Mke akashika begi kwa mkono mmoja na barua kwa mwingine, wakaelekea mlangoni.

"Subirini!"

Wakasimama. Mkewe akageuka, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulilegea. Alingoja. Neno "nisamehe" lilikuwa limemfika msahihishaji kooni, zima, tayari. Akalimeza.

"Tarehe," akasema. "Sikuweka tarehe."

Mkewe akarudi, akamtandikia barua mezani, akaishikilia ncha kwa kidole mpaka alipomaliza kuandika.