Mahamali wa Damu

Tunaanza kwa jina la Mola, asiyemtwika mja ila awezalo.

Watu wa kisa hiki ni watatu: mnyapara wa mahamali ghalani, aliyeitwa Gunia kwa upana wa mabega yake, mkewe, mgonjwa wa sukari, na binti yao, fundi cherehani.

Daktari aliwaeleza kuwa katika damu ya mama imezidi protini inayobeba vitamini A. Kwamba wenye sukari wengi huonekana nayo, wala haijajulikana kwa yakini kipi kimezaa kipi. "Dawa ni zilezile," alisema.

Gunia hakuridhika. Miaka thelathini aliwaona mahamali wasio na mzigo: hugombana, huvunja, huiba.

"Mama watoto, wachukuzi wamejaa, mzigo haba. Tuwatwike, watatulia."

"Wewe kila kitu ghala! Hata damu yangu waipangia zamu?"

Mke alicheka, lakini akameza. Vidonge vinne vya vitamini A asubuhi, vinne jioni, miezi saba, binti asijue.

Kichwa kikamgonga. Ngozi ikambanduka. Kisha macho yakawa manjano, tumbo likajaa maji.

Asubuhi wodini, binti akiwa kando, daktari aliuliza, "Kuna kitu anakitumia nisichomwandikia?"

Gunia aliishika chupa ya vidonge mfukoni. "Hakuna."

Jioni, walipobaki wawili, mkewe alifumbua kinywa kama kinda. "Vya leo vi wapi, mume wangu?"

Hapo Gunia alitoka mbio, akaiweka chupa mezani kwa daktari, mbele ya binti yake.

Daktari aliisoma, akainamisha kichwa. "Mzee, ghala la vitamini hii ni ini. Umelijaza mpaka kuta zimepasuka."

"Basi tuutoe mzigo! Nionyeshe mlango, nitautoa kwa mgongo wangu!"

"Ghala hili halina mlango wa mahamali."

"Baba," binti alisema, "asubuhi uliulizwa."

Akampa mgongo.

Gunia alirudi kitandani kwa mkewe akalia kama mtoto. Mke akamshika kidole. "Nyamaza, Gunia. Ulinitwika kwa mapenzi." Siku ya tatu akakata roho, kidole kile kikiwa bado mkononi mwake.

Mola amlaze pema aliyetangulia. Na waliosalia nyumba moja, wapitanao mlangoni kimya, awahurumie: Gunia ampunguzie asichoweza kukitua, na binti ampe ulimi wa kuita tena, "Baba." Amina.