Makopo Matano ya Sampuli

Fundi wa kuchomelea mageti alifika kwenye ghala la mizigo ya chakula kabla mlango haujafunguliwa, masizi ya jana yangali kwenye kucha zake. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Binti yake wa miezi saba, waliyembandika jina la Punje kwa udogo wake, alikuwa amelazwa siku ya nne. Tumbo lake lilikataa maziwa yote, ya mama, ya ng'ombe, hata ya soya. Kila kilichoingia kilitoka na damu. Daktari alisema kuna maziwa ya unga ya aina moja tu ambayo yangemfaa, na humu nchini hayauzwi. Shangazi yake Punje, anayeishi ng'ambo, alinunua makopo sita dukani akayatuma kwa ndege. Yakafika. Yakazuiwa.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi. Makopo yalikuwa mezani nyuma yake, yamezungushiwa utepe mwekundu.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye baba wa yule mtoto. Nimekuja kuyachukua."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza."

Hakukaa. Mkaguzi akamweleza taratibu, bila ukali. Maziwa ya watoto wachanga yamo kwenye orodha ya vyakula vya hatari kubwa. Hayatoki bila cheti cha afya cha huko yalikotengenezwa, na haya hayakuwa nacho. Bila cheti, lazima yapimwe vijidudu.

"Basi pimeni. Kijiko kimoja si kinatosha?"

"Sampuli ni tano kwa kila bechi, kila moja na kopo lake. Na kopo likishafunguliwa maabara, halirudi."

Bechi, akafafanua, ni mzigo uliotengenezwa kwa mkupuo mmoja. Namba yake hugongwa chini ya kopo. Yote sita yalikuwa na namba moja.

"Matano kati ya sita," fundi alisema.

"Ndiyo."

"Mama, si ndiko kumchinja ng'ombe ili ujue kama ana maziwa?"

Kicheko kilimfika mkaguzi mdomoni akakimeza. Fundi naye hakuwa anatania. Akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji.

"Inuka, mwanangu. Mimi si Mungu." Akamshika mkono, akamwinua. "Nisikilize. Mtoto wa jirani akinywa kijidudu ataharisha, kesho anacheza. Wako hana nguvu hiyo. Nikikupa leo nitakuwa nimekuhurumia wewe, si yeye."

Fundi akatoka kwenye korido, akampigia mkewe hospitalini.

"Wamempima asubuhi," mkewe alisema kabla hajaulizwa. "Kilo tatu na gramu mia tisa. Juzi zilikuwa nne na ushei."

"Wanataka kufungua matano. Majibu siku tano."

Mkewe akauliza, "Kopo moja litamtosha siku ngapi?"

"Nne."

"Sasa unaniuliza nichague nini, mume wangu? Kuna cha kuchagua hapo?"

Aliporudi ofisini, mkaguzi alikuwa amempa kisogo, anatafuta fomu. Fundi akaupima mlango kwa macho. Mlinzi wa mlangoni alikuwa mnene, asingemkamata. Mkono wake ulishafika kwenye utepe. Lakini neno la kijidudu lilikuwa limemwingia kama mwiba, na mwiba huo ukaurudisha mkono. Akaitia sahihi fomu ya kuruhusu makopo yafunguliwe. Kisha akauliza kitu ambacho hakujua kilimjia kutoka wapi.

"Bechi hii ikionekana safi, halafu kopo jingine la namba hiyohiyo likaletwa, mtalifungua tena?"

Mkaguzi akavua miwani. "Hapana. Majibu haya yatatosha."

Fundi akaligeuza kopo juu chini, akaisoma namba mara tatu, akampigia dada yake atafute mengine ya namba hiyohiyo.

Dada mtu alizunguka duka la dawa baada ya duka la dawa, akipindua makopo kama mwizi, na kwingine walimfukuza kweli. Siku ya kwanza hakupata kitu. Ya pili vilevile. Ya tatu akapiga simu analia: "Kaka, zote ni bechi mpya." Punje akawa anaishi kwa dripu, macho yake yalizama, na kilio kikawa chembamba kama cha paka mchanga. Mama yake aliacha kuuliza. Siku ya nne shangazi akapata makopo matatu kwenye duka la pembezoni mwa mji, yana vumbi, akayapeleka uwanja wa ndege siku hiyohiyo.

Siku ya tano mkaguzi alipiga mwenyewe. "Safi. Yote matano. Njoo uchukue lako."

Hospitalini, mama yake Punje alipima unga wa maziwa. Punje akanyonya kidogo, akapumzika, akanyonya tena. Walikaa wanaitazama nepi kama watu wanaosubiri hukumu. Alasiri ikabadilishwa: hakuna damu. Mama akaegemea ukuta, akalia kwa sauti.

Makopo matatu ya shangazi yalikuwa angani. Pamoja na lile moja, maziwa ya siku kumi na sita. Daktari alikuwa ameandika barua ili hospitali yenyewe iagize, na hakuna aliyejua barua hiyo ingechukua muda gani. Shangazi alikuwa tayari kwenye basi kuelekea mji mwingine, namba ya bechi ameiandika kiganjani.