Maharage Yaliyokataa Kuiva

Mkewe alipomwambia haondoki duniani mpaka yeye ajue kupika maharage, fundi viatu alicheka, kisha akatoka uani akajifuta macho kwa shuka iliyoanikwa kambani.

Hospitali walikuwa wamewarudisha nyumbani, hakuna tena la kufanya. Kitanda kikasogezwa karibu na mlango wa jiko ili mgonjwa afundishe akiwa amelala. Alifundisha kwa subira. Maharage yalowekwe tangu jana yake, na maji yale yamwagwe. Maji yakipungua motoni, aongeze ya moto, si ya baridi. Nyanya zingoje mpaka yalainike, maana uchachu wake huyakaza. Kitunguu kikaangwe pembeni mpaka kiwe rangi ya kahawia.

Fundi aliitikia kila neno. Akifika jikoni, anatia nyanya mwanzo kabisa.

Maharage yalitoka magumu, leo na kesho yake na siku zilizofuata. Dada yake fundi, aliyekuja kila siku kumwogesha wifi yake, alionja akatema kiganjani, akasema kaka yake ayapeleke kazini akapigilie soli. Mgonjwa alicheka mpaka akakohoa, na kicheko hicho kilimshibisha fundi kutwa nzima. Maadamu hajajua kupika, mke yupo.

Lakini maumivu yalizidi. Mama wa watu alikuwa anang'ata pembe ya mto wa kulalia ili mumewe asimsikie. Mchana mmoja, sufuria hata haijachemka, alimwita.

"Umetia nyanya tena."

"Nimesahau, mama."

"Hujasahau. Wewe ukitazama mguu wa mtu unajua kiatu chake. Utasahauje nyanya?"

Fundi aliweka kisu chini.

"Nimechoka, baba. Nimejikaza sana kwa ajili yako. Sasa pika."

Akaenda kuloweka mengine. Kesho yake alipika kama alivyofundishwa, hakuruka kitu, na nyumba nzima ikanukia kitunguu. Aliyaponda kidogo kwa mgongo wa kijiko, akampozea, akamlisha. Mkewe alimeza kijiko kimoja, akaomba cha pili. Akasema chumvi imepungua, ila asiongeze, presha ya mumewe haitaki chumvi.

"Sasa kula wewe, nikuone."

Fundi akapakua yake, akaketi ukingoni mwa kitanda. Yalikuwa laini, yameiva vizuri. Alikula uso ameuinamishia sahani, kwa kuwa hakuthubutu kuinua macho aone kama bado anatazamwa.

Dada yake aliingia na beseni la maji ya kuogea. Mlangoni akamtazama wifi yake, ambaye kifua chake hakikupanda tena, akaliweka chini taratibu, akaja kuipokea sahani mikononi mwa kaka yake.