Wanatwanga

Jumanne baada ya chai, Lusekelo alivaa shati lake la kurudia nyumbani, akaitwa kwa Dakta Wayne, mwanasaikolojia katika hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Bladensburg, Marekani. Alikuwa amejileta mwenyewe. Mama yake alifariki Kyela, naye akashindwa kusafiri kumzika, usingizi ukamkimbia. Sasa alikuwa analala vizuri. Kilichobaki ili aruhusiwe ni kipimo cha madoa ya wino. Mgonjwa hutazama kadi, husema anachoona, na Dakta Wayne hubashiri atakavyoishi na watu huko nje.

Mandisa, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, aliketi kati yao kutafsiri.

"Namwona mama na mama mdogo," alisema Lusekelo. "Wanatwanga."

Mandisa alimwambia daktari kwamba wanampiga mtu.

Wale wanawake wakashuka kutoka kwenye kadi, mama akitangulia, na kinu na michi yao. Dakta Wayne alisogeza kiti awapishe. Waliendelea kutwanga mpunga, pumba zikatua kwenye viatu vyake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda, mwanangu."

"Chakula cha hapa, mama."

Mandisa aliutazama mpunga. "Daktari, nimekosea. Hawampigi mtu. Wanakoboa mpunga."

"Nawaona," alisema Dakta Wayne. "Lakini simpimi mama yake. Na jibu linalohesabika ni la kwanza."

Akaandika kwamba anayeona kipigo ataleta kipigo. Asiruhusiwe kutoka.

Kadi ilibaki nyeupe. Mgonjwa aliyefuata, Mzee Jabali, alionyeshwa hiyo hiyo, akasema haoni kitu. Ikaandikwa kwamba hana hisia, naye akabakizwa.

Mchana Flaviana alikuja kumchukua mumewe, Lusekelo.

"Baba Sikujua, twende. Gari nimeipaki vibaya."

"Wamenizuia. Wanasema nitapiga watu."

"Wewe?"

Alimfuata daktari ofisini. Alimweleza kwamba mume wake hajawahi kumpiga hata mtoto.

"Na hatampiga mtu," alisema Dakta Wayne kwa upole, "kwa sababu yuko hapa."

Mlinzi alipopita aliwaona wale wanawake wawili hawana mkanda wa mgonjwa mkononi. Akawaomba watoke. Flaviana alipakia kinu kwenye buti, akawafunga mikanda kiti cha nyuma.

"Na mwanangu?" aliuliza mama mkwe.

"Anabaki, mama."

"Bado mgonjwa?"

"Hapana."

Tangu hapo mama na mama mdogo wanaishi kwa Flaviana, Greenbelt. Jirani wa chini aliwahi kulalamikia kelele za kinu, sasa huletewa sahani ya wali. Kila Jumapili mama anakwenda na Flaviana kumwona mwanawe. Majani yalipukutika, theluji ikaja ikaondoka. Lusekelo hajampiga mtu, na katika kila kikao Dakta Wayne hulitaja hilo kuonyesha kwamba kipimo chake kinafanya kazi.

Jana jioni Makena, nesi kutoka Meru, alimletea kidonge kipya na maji.

"Hii ni ya nini?"

"Ya hasira."

"Sina hasira, dada."

"Najua. But ishaandikwa, na lazima nikuone umemeza."

Alimeza, akafungua mdomo Makena aangalie. Makena alipogeuka, Lusekelo alihisi mkono wake wa kulia, kwa mara ya kwanza maishani, unajikunja ngumi. Akaukalia.