Waya Mtupu Juu ya Mafiga

Mzee Taratibu alizikwa siku ya mvua ya kwanza, mvua ileile aliyoisubiri kitandani akimuuliza kila anayeingia, "Wingu limekaaje?" Jina hilo alipewa na majirani kwa ajili ya mwendo wake, walisema hata akifukuzwa na nyuki angeaga kwanza. Mwenye miguu myepesi alikuwa mkewe, Mama Fundi. Mzee alitangulia na jembe akichimba mashimo, mkewe akamfuata akidondosha mbegu na kuzifukia kwa kisigino, mpaka anamkanyaga.

"Songa, bwana wee."

"Kwani shamba linakimbia?"

Mbegu zao hazikuwa za dukani. Yalikuwa mahindi mekundu, Mama Fundi aliyapokea mkononi mwa mama mkwe wake alipokuwa bibi harusi, naye mama mkwe aliyapokea kwa mkwewe. Kila mavuno mume na mke walichagua yaliyojaa punje mpaka nchani, wakayafunga mawili mawili kwa maganda yake, wakayaning'iniza jikoni kwenye waya, juu ya mafiga, ili moshi uyakinge na wadudu. Mzee akishakaza fundo la mwisho alitega kitendawili chake, kilekile miaka yote. Mkewe alijua jibu, lakini alijifanya limempotea, akampa mji, wakacheka.

Mwana wao wa pekee hakuwahi kukisikia. Jioni hizo alikuwa chumbani na taa na madaftari yake. Hata akija kushika jembe walimfukuza: "Rudi ukasome, huku tunatosha sisi." Akasoma, akawa fundi wa kuchomelea vyuma mjini.

Kabla ya kukata kauli, mzee alisema neno moja tu. "Mbegu."

"Ipo," mkewe akamjibu, na wakati huo ilikuwepo.

Sasa waombolezaji wameondoka na udongo umelowa vizuri. Fundi kavua viatu vyake vya mjini, kakunja suruali, jembe la babake liko begani.

"Mama, siondoki kabla sijakupandia. Mbegu huwa mnaweka wapi?"

Tangu azaliwe hakuwahi kuuliza swali hilo. Mama Fundi aliinama akapuliza moto, nao ulikuwa unawaka vizuri tu.

"Shamba lipumzike mwaka huu, baba."

"Mzee angekubali hilo?"

Mama alitamani sana kunyamaza, mwanawe arudi zake mjini na moyo mweupe. Lakini Fundi alisimama pale mlangoni akingoja, bila haraka, babake mtupu.

"Kitendawili," mama akasema.

"Saa hizi, mama?"

"Kitendawili."

"Haya, tega."

"Namlisha moshi, simli, na siku ya kumzika nacheka."

Fundi alitabasamu kidogo. Akautazama moto, akaufuata moshi kwa macho, polepole, mpaka kwenye waya. Waya ulikuwa mtupu.

Jembe likashuka begani.

"Yale mahindi," akasema. "Watu walikuwa wengi, unga umetuishia, na wewe umelala huko ndani hujitambui. Nikayaona yameingia masizi, nikadhani mliyasahau. Nikayamenya, ndani safi kabisa, nikayapeleka mashineni. Hata wewe nilikuletea uji wake."

"Uliniletea. Nikanywa."

"Na mengine hakuna? Kwa majirani?"

"Majirani walihamia ya dukani siku nyingi. Yalikuwa hayo tu."

Fundi akakaa chini, palepale kwenye majivu.

"Mbona hamkunifundisha?"

"Tulitaka usichafuke, mwanangu."

Fundi akainuka ghafla, akaliendea gunia la unga uliobaki pembeni, akatungua chekeche ukutani. Mashine ile ni ya zamani, alisema, huenda imeruka punje, na punje moja nzima ingetosha, mwakani ingekuwa hindi zima. Akapiga magoti akaanza kuchekecha. Unga ukampanda kwenye nyusi na nywele, akawa na mvi za babake.

Mama Fundi akamsogezea ungo, akaketi karibu naye. Hakumwambia kwamba asubuhi ile, mwanawe akiwa bado usingizini, alikuwa ameshauchekecha wote.